Nilivyovuka Mpaka kwa Kusindikiza

Usiku wa jana niliota daftari la mume wangu limekaa mezani, limevaa miwani yake, linaita majina.

"Pampu."

"Nipo," pampu ikasema.

"Chumvi."

"Nipo."

"Kokutona."

Kokutona ni mimi. Nikasema nipo, nikajipanga kati ya chumvi na kamba ya mpira, maana ndivyo nilivyoandikwa. Sikushangaa. Nilikwisha kuliona jina langu nikiwa macho kabisa, mchana, ukurasa wa tisa, chini ya maneno "Vifaa vya Safari".

Nieleze kidogo kabla hatujapanda baiskeli. Mume wangu, Ta Kaijage, alikuwa bwana afya. Miaka thelathini na miwili alikagua vyoo vya watu wa Kamachumu, akiandika kina cha shimo na kama kuna mfuniko. Alipostaafu akakosa vyoo, ikabidi akague nchi. Aliona mahali picha ya wazee wawili wa Kizungu wakiteremka mlima kwa baiskeli, meno nje, akaniambia, "Kokutona, na sisi tutapumzika namna hii." Akanunua daftari kubwa, akaandika juu yake: Safari ya Polepole ya Nchi Jirani. Uganda, Rwanda, Burundi, halafu kurudi nyumbani kupitia Ngara. Kilomita kumi na nane kwa siku, isizidi hata moja. Kila baada ya siku tatu, siku moja ya mapumziko. Nilisoma alivyoandika kwenye siku ya mapumziko: "Kokutona atafua na kupika."

Huu ni mwaka wa tatu anapanga. Baiskeli yake mpya ina gia ishirini na moja na haijawahi kutoka sebuleni. Wageni huitundikia makoti.

Tena huku kwetu baiskeli ni ya kazi. Unaifunga mikungu sita ya ndizi, unafunga fimbo kwenye usukani ili uielekeze, unasukuma kwa tumbo mpaka gulioni. Ukionekana umeipanda bure, huna mzigo wowote, watu wanakusimamisha wakuulize umefiwa na nani.

Basi daftari linalamba kidole, sijui limekitoa wapi hicho kidole, linageuza ukurasa.

"Nani amefuta Kyotera?"

Pampu inanitazama. Chumvi inanitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Kwa kifutio."

"Sababu?"

"Mdogo wangu anakaa pale."

"Hayo ni maelezo. Nimeuliza sababu."

Sababu sikuitoa mbele ya chumvi, ila ninyi nitawapa. Mdogo wangu Kokugonza aliolewa Uganda, huko Kyotera. Mara ya mwisho alikuja kumzika mama yetu, miaka kumi na tisa iliyopita. Mimi ndiye niliyepika ndizi za waombolezaji. Kokugonza akaonja, akasema mbele ya watu wote, kwa ile sauti yake ya kwaya, "Dada, hizi ndizi bado ni mawe." Matanga yalipokwisha akabeba sanduku lake kuondoka, nami nikabaki mlangoni nimekunja mikono. Sikumsindikiza. Hata hatua moja.

Anayetoka mbali ataona ni jambo dogo. Kwetu mgeni anasindikizwa hata kama alikuja kukutukana. Unamtoa nje, unavuka naye migomba, unamfikisha barabarani, mnaendelea mpaka mwenyewe aseme "rudi sasa". Akiachwa aondoke peke yake, ameambiwa asirudi. Kokugonza alielewa. Hakurudi. Sasa mimi nina miaka sabini na mmoja, yeye sitini na minane, na magoti hayamngojei mtu amalize kununa. Lakini kumtazama usoni niliona aibu; Ta Kaijage alipochora barabara yake ikapita Kyotera, nilingoja alale mchana, nikapafuta.

"Barabara itakuwa na shimo hapo," likasema daftari. "Msije mkasema sikuwaambia." Likasoma kanuni. Kanuni ya kwanza, hakuna haraka. Kanuni ya pili, kila nchi jirani itendewe kama jirani. Likajifunga, likavua miwani.

Safari imeanza. Ta Kaijage yuko mbele, amevaa kaptura na helmeti nyekundu iliyomkaa kama bakuli juu ya stuli. Anakanyaga pedeli kwa nguvu. Yeye hasogei. Ukuta wa sebule ndio unaopita nyuma yake: picha ya harusi, kalenda, picha ya harusi, kalenda.

"Unaona mandhari?" ananiuliza.

"Naona kalenda."

"Pumua, Kokutona. Starehe inaanzia kwenye pumzi."

Mimi niko na baiskeli yangu kuukuu, nyeusi, ile ya ndizi. Imesimama. Nakanyaga, haiendi.

"Leo kuna mikungu mingapi?" baiskeli inauliza.

"Hakuna. Leo ni starehe."

"Starehe ina uzito gani?"

"Haina."

"Nitaipandishaje mlimani kitu kisicho na uzito? Nitajuaje kama nimekibeba?"

"Wewe nenda tu."

"Kwenda tu," ikasema baiskeli, kama mtu anayeonja mboga asiyoijua. "Na mnunuzi yuko wapi?"

"Hakuna mnunuzi. Tunakwenda kutazama vilima."

"Vilima nimevitazama miaka thelathini. Nimevitazama kwa karibu kuliko wewe." Ikakaa chini. Baiskeli ikikaa chini ni kitu kigumu kukieleza, ila ilikaa, na ikakunja miguu ya pedeli chini yake kama ng'ombe. Nikaisukuma hivyo hivyo. Mtu aliyekuja na pumziko lake kutoka Kamachumu analisukuma kwa tumbo.

Tukafika mpakani. Sijui tulipita wapi. Sebule iliisha, mpaka ukaanza. Ulikuwa kamba ya kuanikia nguo, imefungwa kati ya migomba miwili. Upande huu zimeanikwa nguo zetu, upande ule zao. Nyuma ya kamba, juu ya kigoda, alikaa mama mnene aliyevaa gauni la gomesi la kijani, anamenya ndizi za matoke. Nilijua mara moja kwamba ndiye Uganda. Mikunjo ya mabega ya gomesi lake ilikuwa na ukungu, na kwenye mshipi wa kiunoni lori moja lilikuwa linahangaika kupanda.

Ta Kaijage akatoa pasi zetu. "Sisi ni watalii," akasema. "Tunapita tu."

Uganda akaacha kumenya. "Ssebo, bwana, huko kwenu mtu anapita tu katikati ya ua wa jirani?"

"Tuna ratiba."

"Hamjapiga hodi."

Tukapiga hodi. Akasema hajasikia. Tukapiga tena. Akasema sasa amesikia ila anajifunga mshipi vizuri. Tulipopiga ya tatu akasema, "Karibuni, karibuni, jamani majirani, mmekuja bila kutuma habari," kana kwamba hakuwa ametutazama tangu mwanzo. Tukapewa vigoda. Ikaja salamu. Aliuliza habari za ng'ombe, za mvua, za bati la nyuma linalovuja, za mapadri, na za goti langu la kushoto. Akamenya ndizi moja, akauliza la kulia. Salamu hiyo ilichukua siku mbili kwa hesabu ya Ta Kaijage, naye akaziandika zote kuwa siku za mapumziko.

Pembeni alikuwepo mzee mwenye mwavuli, sahani magotini, anakula taratibu bila hamu.

"Na wewe ni mtalii?" nikamwuliza.

"Nilikuwa napita tu," akasema.

"Lini?"

"Mwaka ule wa mvua nyingi." Akameza. "Nilimwacha shemeji yangu aondoke kwangu peke yake. Ona sasa."

Uganda akafungua pasi ya Ta Kaijage. "Hii imejaa," akasema kwa kuridhika. "Huyu amesindikiza watu. Ameandikwa hata kusindikiza wezi."

"Nilikuwa nahakikisha wameondoka," akasema Ta Kaijage.

"Haidhuru. Imehesabiwa."

Akafungua yangu. Akapitisha kidole, akitikisa kichwa kukubali. Nimesindikiza walimu, katekista, mwuza vyungu, mkwe wangu mara kumi na nne, mbuzi wa jirani aliyepotea. Kidole kikasimama.

"Nnyabo, mama, hapa pana ukurasa mtupu. Umeandikwa Kokugonza."

Nikatazama goti langu.

"Mimi nakupokea," akasema Uganda, "wewe ni jirani. Utakaa, utakula. Kuondoka ndiyo kazi. Mgeni kwangu haondoki mpaka asindikizwe, na asiyesindikiza hasindikizwi. Sikutunga mimi. Mmekuja nayo kwenye daftari lenu, kanuni ya pili."

"Nitakaa hapa mpaka lini?"

Mzee wa mwavuli akanionyesha sahani yake.

"Matoke yako jikoni," akaendelea Uganda, akafunika sufuria kwa majani ya mgomba, akayakandamiza pande zote kama anayemlaza mtoto. "Yakiiva utakula. Ukishakula umekuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hasindikizwi. Mpaka hapo una nafasi. Jaza ukurasa wako."

"Nitampata wapi Kokugonza?"

"Ulimwacha wapi?"

"Kwangu. Nje ya mlango."

"Basi yuko hapo hapo. Asiyesindikizwa haondoki, nnyabo. Kilichorudi Kyotera ni mwili wake tu na sanduku moja."

Wakati huo Ta Kaijage yuko tayari kuondoka. Uganda anamsindikiza mwenyewe, kwa heshima zote, mpaka kwenye kamba ya pili. Nyuma ya kamba hiyo ni Rwanda, bwana mrefu anayefagia ua ambao tayari umefagiliwa. Ta Kaijage anaona si adabu Uganda arudi peke yake, anamsindikiza kurudi. Uganda anaona si adabu mgeni arudi peke yake, anamsindikiza tena. Kutoka kamba hadi kamba ni mita kumi na mbili. Kila akifika mwisho anatoa kalamu na kuandika.

"Inakwendaje?" nikamwuliza alipopita.

"Vizuri sana. Hakuna haraka."

Nikamwuliza Uganda aliporudi safari ya nane kama naweza kwenda kujisaidia. Akanionyesha choo nyuma ya jiko.

"Kina mfuniko?" Ta Kaijage akauliza kutoka kwenye kamba ya mbali, bila kugeuka.

Nikaisukuma baiskeli mpaka chooni, nikafungua mlango, nikaingia, na choo kilikuwa ua wa nyumba yangu.

Jua ni lile lile la siku ya kumaliza matanga. Viti vya kuazima vimeegemezwa ukutani. Kokugonza amesimama mwisho wa ua, pale migomba inapoanza, uso wa miaka ile, sanduku mkononi. Amesimama muda mrefu. Mti wa kahawa umeota, umepitia ndani ya mpini wa sanduku, na umezaa.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa jikoni."

"Miaka kumi na tisa?"

"Ndizi zilikuwa hazijaiva."

Kokugonza akanitazama. Akachuma kahawa moja kwenye sanduku, akaitia mdomoni, akaitafuna.

"Kwa hiyo unakubali."

"Nimesema hazijaiva. Sikusema zilikuwa mawe."

"Zilikuwa mawe, dada. Ta Kaijage alificha zake mfukoni."

"Ta Kaijage huficha kila kitu mfukoni."

"Padri naye alificha. Na kanzu haina mifuko."

Hilo sikuwa nalijua. Nilitaka kukunja mikono, lakini mikono ilikuwa imeshika baiskeli.

"Unanisindikiza," akauliza, "au umekuja kunikagua? Maana nasikia nyumba hii inapenda kukagua."

"Panda."

Baiskeli ikasikia. Ikainuka yenyewe, ikajikung'uta. "Mzigo?" ikauliza.

"Sanduku moja na mtu mmoja."

Ikampima Kokugonza kwa taa yake. "Sanduku ni mkungu mmoja. Huyu ni mikungu minne."

"Mitano," nikasema. "Tazama vizuri."

"Nimesimama bila kula tangu matanga," akasema Kokugonza, "hiyo mitano ningeitoa wapi." Akakaa kwenye keria upande upande, kimama, sanduku mapajani, mti wa kahawa ukitikisika. Baiskeli ikashusha pumzi kwa raha. Kwa mara ya kwanza siku ile ilikwenda.

Tunavuka migomba. Nasukuma.

"Nikuache hapa?" nauliza.

"Bado."

Tunafika barabarani.

"Hapa?"

"Bado kidogo."

Si mnajua, mwenye kusema "rudi sasa" ni mgeni. Mwenyeji hawezi kujisemea. Wageni wenye huruma wanasema mapema. Kokugonza alitazama kilima cha kwanza, cha pili, cha tatu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Goti langu," nikamwambia kwenye kilima cha nne.

"La kushoto au la kulia?"

"Yote mawili."

"Pole sana dada. Bado."

Tunapanda. Tunateremka. Kwenye mteremko nikaparamia fremu, tukaenda wote wawili, upepo usoni, meno nje, na nikawaza kwamba kama kuna mtu anatupiga picha, kuna mzee mahali fulani ataiona na kununua daftari.

Tukaifikia ile kamba ya nguo. Harufu ya majani ya mgomba yaliyoungua kidogo inatoka jikoni. Uganda anachungulia sufuria.

"Pasi," akasema.

"Sisafiri. Namsindikiza mdogo wangu."

Akaiinua kamba na nguo zake zote. "Pita. Anayesindikiza hajasafiri. Ila fanya upesi, yanalainika."

Mzee wa mwavuli alisimamisha kijiko hewani. "Kumbe ni hivyo tu," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Ta Kaijage akapishana nasi, yuko na Rwanda sasa, wanasindikizana kwa adabu. "Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kumfikisha Kokugonza."

"Haimo kwenye ratiba."

"Wewe umefika wapi?"

Akatazama daftari. "Kilomita mia mbili na kumi." Alikuwa amesimama kwenye unyayo wake wa kwanza. "Shikamoo yangu umeisikia, shemeji?" Kokugonza akamwuliza. "Marahaba, shemeji," akasema, na akainamisha helmeti kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule, kama watu waliosalimiana juzi tu.

Mbele kidogo barabara ikakatika. Palipotakiwa kuwa Kyotera palikuwa peupe. Si uwanja, si ukungu: weupe wa karatasi iliyosuguliwa, umechakaa katikati, na makombo ya kifutio yamelala kila mahali, makubwa kama mbuzi. Baiskeli ikasimama ukingoni.

Kokugonza akashuka. Akazunguka kombo moja. "Nyumba yangu iko wapi?"

"Hapa."

"Hapa hapana kitu."

"Niliifuta."

Akageuka kutafuta lori la kumrudisha, na halikupita, kwa sababu barabara haikuwepo.

"Na soko?"

"Na soko."

"Na kanisa ninaloimba?"

"Hilo nililisugua mara mbili."

"Wewe dada ni mtu mbaya."

"Najua."

"Ulitumia kifutio au ulitia mate?"

"Kifutio."

"Angalau," akasema, akakaa juu ya sanduku lake. "Ni kazi yako sasa. Mgeni hasindikizwi mpaka kwenye karatasi tupu."

Harufu ya matoke ilikuwa imetufuata. Nikashika baiskeli, nikaiingiza kwenye weupe. Tairi likaacha mstari. Nikaona, kumbe. Nikazunguka polepole, pedeli moja, pedeli nyingine, nachora. Mimi niliishia darasa la saba, na kuchora tulichora chungu tu, maana mwalimu mwenyewe alijua chungu tu. Kwa hiyo Kyotera ikatoka ya vyungu. Soko chungu. Kanisa chungu chenye msalaba kwenye mfuniko. Nikaichora nyumba ya Kokugonza taratibu zaidi, nikaipa madirisha, nikaipa moshi. Sikuwahi katika maisha yangu kuendesha baiskeli taratibu namna ile, bila mtu kungojea chochote gulioni. Nilifika mahali nikaona nafurahi, nikanyamaza ili Ta Kaijage asije akasikia akaandika.

"Hujaweka mlango," akasema Kokugonza.

"Nilidhani milango huipendi."

"Naupenda wangu. Uweke mpana."

Nikauweka mpana. Ulikuwa mpana kiasi kwamba hata yeye na mikungu yake mitano wangepita. Tukasimama mbele yake. Alikuwa na uso wa miaka sitini na minane sasa, wenye mikunjo ile ile ya mama kwenye kona za mdomo, na sikumbuki ulibadilika saa ngapi. Nyuma yetu nikasikia Uganda akigonga sufuria kwa mwiko, jinsi wanavyogonga chakula kinapoiva.

"Kokugonza," nikasema. "Yameiva kule. Nikiitwa kula nimekwisha."

"Nasikia."

"Sema basi."

Akajitia kutengeneza kilemba. Mwiko ukagonga tena.

"Zilikuwa mbichi," nikasema. "Zilikuwa mbichi ndani na zimeungua chini. Nilikuwa nalia, nikasahau kuchochea moto. Mama amekufa halafu wewe unaongelea ndizi."

"Na mimi nilikuwa nalia," akasema Kokugonza. "Ndizi ndicho kitu pekee nilichoweza kukiongelea."

Mwiko ukagonga mara ya tatu.

"Haya dada," akasema. "Umenifikisha. Rudi sasa."

Pasi ikageuka mfukoni mwangu kama samaki. Sikuifungua. Nilijua ukurasa umejaa.

Nikageuza baiskeli. Sijapiga hatua tatu nikasikia sanduku likiwekwa ndani na mlango ukivutwa.

"Subiri nichukue kanga," akasema. "Nikutoe mpaka barabarani."

"Tutakuwa kama Ta Kaijage na kamba zake."

"Ta Kaijage anasindikizwa na nchi. Wewe unasindikizwa na mimi. Mimi nachoka, nitakuacha."

Hakuniacha. Tunakwenda sambamba, baiskeli katikati yetu, kila mmoja ameshika upande wake wa usukani. Ananieleza namna ya kupika ndizi. Eti nafunua majani mara nyingi mno. Eti mvuke ukitoka haurudi. Ananieleza mimi, niliyeota meno yeye hajazaliwa. Tunavuka Uganda yote namna hiyo, naye mwenye gomesi anatupungia mwiko. Tumefika kwenye migomba yangu, na nimeshapata neno baya kabisa la kumjibu, neno zuri, nalifungulia mdomo, na sauti ya mwanamume inasema, "Kumi na nane mara saba."

Nikaamka. Jua lilikuwa dirishani. Ta Kaijage yuko mezani, chai mbele yake, anazidisha.

Simu yangu ikatetemeka chini ya mto. Ni simu ndogo, ya vitufe na tochi, inayoita tu na kuitwa. Ujumbe. Sikuwa na miwani, nikampa anisomee.

Akasoma kimya. Akasoma tena, akiisogeza simu mbali na uso.

"Soma na mimi nisikie."

"'Karibu Uganda,'" akasoma. "'Tunakutakia mapumziko mema. Piga simu nyumbani kwa bei nafuu.' Umetumwa saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, alfajiri." Akaiweka mezani. "Hitilafu ya mnara."

"Huenda."

"Kutoka hapa mpaka Mutukula, mpakani, ni siku saba bila mapumziko. Nimepiga hesabu sasa hivi."

"Mimi sijasema kitu."

Akatoa simu yake, ile kubwa yenye ramani ya nchi zote ndani, akailaza kando ya yangu. Akaifungua. Hakuna ujumbe. Akaizima, akaiwasha, akaipeleka dirishani, akairudisha. Miaka mitatu ya kupanga na haijakaribishwa hata na kijiji cha pili. Nilikunywa chai. Sikumtazama, maana angeona.

Mwishowe akachukua kalamu. Akaongea polepole, kama mtu anayeuliza njia ya chooni kwenye nyumba ya wakubwa.

"Ulipita wapi?"

"Nitakwambia," nikasema. "Nipe kwanza namba ya Kokugonza."

Nilitegemea akatafute kwenye lile boksi lake la karatasi, achukue mpaka mchana. Hakuinuka. Alikitazama kikombe chake, akanitajia tarakimu zote moja moja, bila kusita wala kurudia, kama mtu anayeipiga kila Jumapili.